Refa Aliyehesabu kwa Kiswahili

Naandika habari za Refa sasa kwa kuwa hawezi tena kunisahihisha, na hata hivyo nikimaliza sentensi nasita kidogo, nikingoja kikohozi chake. Alikuwa na kikohozi maalumu, kifupi, kisicho cha ugonjwa. Maana yake ilikuwa moja tu: rudisha mpira mahali pake.

Jina lake nalijua, lakini hakupenda litumike. "Mezani refa hana jina," alituambia Jumamosi ya kwanza, na sisi watu wazima, wenye vitambulisho vya kazi vinavyoning'inia shingoni, tukaitikia kama darasa la tatu. Tangu hapo akawa Refa kila mahali, mpaka kwa binti yake wa kumzaa. Binti akimtafuta alinipigia mimi na kuuliza, "Refa yuko hapo?" Yuko. Angekuwa wapi tena?

Hapo penyewe palikuwa Mesquite, mashariki ya Dallas, mji wa maghala na maegesho, ambako nilikuwa mkaguzi wa mizigo katika ghala kubwa lisilo na dirisha hata moja. Ng'ambo ya barabara Mpakistani mmoja mpole alikuwa na ukumbi wenye meza ishirini za puli na, kwenye kona ya nyuma karibu na choo, meza moja ya snuka. Kwa asiyeijua snuka: ni mchezo wa fimbo na mipira kama puli, isipokuwa meza yake ni kubwa karibu mara mbili, mifuko yake ni midogo, na wachezaji wake hujiona bora mara kumi. Wamarekani waliokuwa wakielekea chooni walisimama kuishangaa. "Hii mnacheza au mnaogelea?" alituuliza mmoja.

Refa aliikuta meza hiyo mwaka 2017, muda mfupi baada ya binti yake, muuguzi, kumleta kutoka Kenya ili apumzike. Aliipapasa kitambaa kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa, akatangaza kwamba imeinamia upande wa choo, kisha akatangaza mashindano. Huko ndiko kupumzika kwake.

Wala hayakuwa mashindano ya kujifurahisha. Yalikuwa ya kupanga viwango, kama yale ya wachezaji wa kulipwa wa Uingereza aliyoyatazama kila siku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kule wachezaji wako zaidi ya mia, wanahama mji hadi mji, na kila mashindano humpandisha mtu au humshusha kwenye orodha ya dunia. Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Orodha tulikuwa nayo pia. Wa kumi na moja alikuwa fundi wa viyoyozi kutoka Arusha, na sidhani kama kuna mtu huko Uingereza aliyewahi kuumia kwa kuwa wa mia kama Fundi alivyoumia kwa kuwa wa kumi na moja.

Tulikuwa na vituo viwili kwa mwaka, Mesquite na Houston. Wachezaji wa Houston walikuwa watatu. Walivyotukaribisha ungedhani tumevuka bahari.

Orodha aliiandika Refa mwenyewe katika daftari la jalada gumu, kwa wino. Penseli hakuitaka. "Penseli ni ya mtu ambaye bado hajaamua kusema kweli," alisema, akimtazama yeyote aliyethubutu kumpa penseli.

Alikuwa na jozi moja ya glavu nyeupe za pamba. Alizifua kwa mkono kila Ijumaa na kuzianika juu ya bomba la bafu, na binti yake alituambia kwamba siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuoga. Alizivaa kidole kimoja kimoja, sisi tukiwa tumesimama na fimbo zetu kama waombolezaji. Baadaye alianza kudai tuvae vizibao na tai za kipepeo. Nawaomba mfikirie: mwezi wa saba, Texas, kiyoyozi cha ukumbi kimekufa, Fundi wa viyoyozi anakataa kukitazama kwa sababu ni siku yake ya mapumziko, na wanaume kumi na mmoja wamevaa vizibao wanazunguka meza wakilowa jasho kwa ajili ya heshima ya mchezo. Heshima hiyo ilikuwa inanuka.

Alama alizitangaza kwa Kiswahili. Katika snuka mwamuzi hutaja jumla ya alama za mchezaji baada ya kila mpira unaoingia, na nambari za Kiswahili si fupi. Mchezaji angekuwa ameshainama kupiga mpira mwingine huku Refa bado yuko kwenye "arobaini na...". Ilibidi anyanyuke angoje. Kijana mmoja mhandisi wa kompyuta, Mkenya mwenzake aliyefanya kazi katika ofisi kubwa kule Plano, alijaribu kumshauri.

"Refa, si tu-count in English? Itakuwa faster."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Hakuna, but..."

"Basi ngoja saba yako ifike."

Sababu alinieleza mimi peke yangu, garini. Kwa miaka mingi alikuwa mhesabu alama katika chumba cha biliadi cha klabu moja ya mabwana kule Nairobi. Alisimama ukutani, akahesabu kwa Kiingereza, akawafutia mabwana mipira, na fimbo hakuruhusiwa kuishika isipokuwa kuirudisha kwenye rafu. "Nilihesabu kwa lugha yao mpaka meno yakalegea," alisema. "Hapa hakuna anayenilipa, kwa hiyo lugha nachagua mimi."

Kucheza hakucheza kamwe. Tulimlazimisha mara moja, siku ya kuzaliwa kwake, au siku aliyotuambia ni ya kuzaliwa kwake. Alipaka chaki, akainama vizuri kuliko sisi sote, akalenga kwa muda mrefu, kisha akaweka fimbo chini. "Nikicheza mimi, nani ataniona nikikosea?" akauliza. Tulidhani ni maringo. Yalikuwepo maringo kidogo, nakiri, lakini si yote.

Na ukimya pia aliupigania. "Kimya, tafadhali," alisema kabla ya kila fremu, yaani kila duru ya mchezo, katika ukumbi wenye muziki, televisheni sita na watu hamsini wanaopiga kelele. Hakuna aliyewahi kumsikiliza, ila siku moja jitu moja la Kiteksas, kofia kama sufuria, liligeuka, likamwona mzee mwenye glavu nyeupe, likavua kofia na kusimama wima hadi fremu ikaisha. Nadhani lilidhani ni mazishi. Refa aliizungumzia siku hiyo kwa mwaka mzima.

Lakini jambo lililomfanya awe Refa hasa lilikuwa desturi aliyoiita kujitaja. Katika snuka, mchezaji akigusa mpira wowote kwa bahati mbaya, kwa mkono, kwa nguo, kwa tai, ni faulo, na mpinzani hupewa alama. Mchezaji wa kweli hangoji kushikwa. Ananyanyuka, anainua mkono, anataja mpira aliougusa. Basi. "Michezo mingine ina mapolisi," alituambia. "Huu una watu." Na kila tulipofungua mashindano alisoma kanuni yake mwenyewe, ambayo haimo katika kitabu chochote: aliyeficha faulo, siku ikijulikana, huenda mwisho wa orodha, hata kama ni bingwa. Tulicheka. Fundi hakucheka, maana mwisho wa orodha palikuwa nyumbani kwake.

Desturi hiyo ilituingia vibaya mno. Mchungaji wetu Mkongo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu, alianza kujitaja kwa faulo ambazo hakuzifanya. Aliinua mkono na kusema "Kijani!" ilhali mpira wa kijani uko upande wa pili wa meza. Refa akamkatalia. "Mchungaji, toba bila dhambi hapa hatuipokei. Peleka kule kwako." Na Fundi, baada ya kushinda mchezo wake wa pekee wa mwaka 2018, alipiga simu akiwa njiani kutoka Houston, saa mbili nzima baada ya mchezo kumalizika. Aliegesha gari kando ya barabara kuu, malori yanampita yakivuma, akasema kwamba kitambulisho chake cha kazi kiliburuza mpira mwekundu katika fremu ya kwanza na dhamiri inamsumbua. Mimi ndiye niliyeshika simu. Refa aliomba aongee naye.

"Umechelewa, lakini kujitaja hakuna kufungwa mlango," alimwambia. Kisha akafungua daftari, akamrudisha wa kumi na moja, akalifunga. "Huyo," akaniambia, "ndiye mchezaji bora tuliye naye." Nilicheka tena. Nilikuwa mchekaji sana miaka hiyo.

Sasa msije mkadhani namchora malaika. Mtu huyu aliyewinda ukweli mezani alimdanganya binti yake kila Jumamosi bila kupepesa jicho. Alikuwa na kisukari, na alipenda maandazi yale ya Kimarekani yenye tundu katikati na sukari juu kama rangi ya nyumba. Alivua glavu, akala mawili, akanawa mikono hadi kwenye kiwiko, akavaa glavu. Binti akipiga simu nilisikia kila neno.

"Baba, umekula nini?"

"Mboga."

"Mboga gani?"

"Ya huku. Sijui wanaiitaje."

Nilimuuliza kama hilo si la kujitaja. Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa. "Pale hakuna meza," akasema.

Na garini hakuwa mtu wa kanuni hata kidogo. Mimi ndiye niliyemwendesha Houston, saa nne kwenda, saa nne kurudi, na kwa saa zote hizo alinihimiza nipite kushoto, nipite kulia, nilipite lile lori, kwani naogopa nini. Mezani hasemi neno; garini hanyamazi. Alinisimulia klabu, mabwana, marehemu mkewe, na jinsi alivyozoea kuona mabwana wakubwa, wenye vyeo, wakigusa mpira kwa mkono wa shati na kutazama dari. "Nami nilitazama dari pia," alisema safari moja. "Ndiyo kazi niliyoajiriwa." Baada ya hapo hakunihimiza tena kulipita lori hata moja mpaka tukafika.

Sasa nifike kwangu, maana sina jinsi.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na nikatoka na daraja ambalo katika familia yetu halitajwi. Nimekagua mizigo ya watu wengine katika nchi mbili. Sikuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Katika orodha ya Refa nilikuwa wa pili miaka miwili mfululizo, nyuma ya yule Mhandisi wa Plano, ambaye alicheza kama anayejibu barua pepe na bado akatushinda sote. Fainali ya mwaka 2019, Mesquite, ilikuwa mimi na yeye tena. Na safari hii mwanangu alikuja kutoka Houston kunitazama kwa mara ya kwanza, baada ya miaka miwili ya kuamini kwamba hadithi ya snuka ni uongo na kwamba Jumamosi zangu zinaishia kwa mwanamke fulani. Nilitaka kumthibitishia kwamba baba yake ni mwaminifu. Niliipenda njia hiyo.

Tulifungana fremu mbili kwa mbili. Katika ya mwisho mezani ilibaki mipira mitatu ya rangi: bluu ya alama tano, pinki ya sita, nyeusi ya saba. Jumla kumi na nane. Nilikuwa nyuma kwa kumi na nne. Hesabu hiyo hata mimi na daraja langu niliiweza: nikiingiza yote mitatu, nashinda kwa nne.

Bluu ilikuwa mbali. Nilijinyoosha juu ya meza, mguu mmoja hewani, na mkono wa shati langu ukagusa pinki. Niliuhisi. Nasema tena, niliuhisi, ubaridi wake ulipita kitambaa. Mpira ulisogea unene wa ukucha. Nilisita. Kisha nikapiga, na bluu ikaingia.

Mhandisi akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Foul! Anko, ume-touch pink! Refa, ame-touch, si umeona?"

"Kaa chini," Refa akasema.

"Nikae aje na ame-touch?"

"Kaa kwanza. Ukiwa umekaa wewe ni mchezaji. Ukisimama wewe ni kelele."

Akakaa. Refa akazunguka meza taratibu, akainama juu ya pinki, akanyanyuka, akanitazama mimi. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yake na soda mkononi.

"Mchezaji?" Refa akasema.

Neno moja. Hakuniuliza kama nimegusa. Alinifungulia mlango tu, na kazi yangu ilikuwa kuinua mkono na kusema "Pinki". Hata Fundi aliweza jambo hilo, kando ya barabara, kwa mchezo usio na maana yoyote. Faulo ingempa Mhandisi alama sita, na mimi ningekuwa nimekwisha.

"Sikugusa," nikasema.

Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. "Mchezaji amesema," akatangaza. "Tunaendelea. Tano."

Nikaingiza pinki. "Kumi na moja." Nikaingiza nyeusi. "Kumi na nane." Hakuharakisha hata silabi. Mwanangu alinikumbatia mpaka kizibao kikapasuka mgongoni. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa wa kwanza.

Kosa la Mchungaji lilikuwa kununua simu nzuri. Alikuwa amerekodi fainali ili awatumie ndugu zake, na jioni hiyohiyo akaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp pamoja na emoji za moto. Kesho yake asubuhi Mhandisi aliirudisha ikiwa imekuzwa na kupunguzwa mwendo: mkono wa shati, pinki, unene wa ukucha. Juu yake aliandika: "Refa haoni."

Angalieni jinsi dunia inavyomhurumia mwongo. Hakuandika "Mzee amedanganya." Nilikuwa mzee mpole wa ghalani, nani angenifikiria hivyo? Aliyekosea alikuwa yule ambaye kazi yake ni kuona.

Kamati ilikutana Mesquite, mbele ya sahani za kuku. Tulikuwa watatu: Mchungaji mwenyekiti, Mhandisi mjumbe, na katibu. Katibu alikuwa mimi.

"Mimi sina shida na Anko," Mhandisi alisema. "At his age huwezi feel kitu kama hiyo. Na tumeshikana mikono, fremu imefungwa, kombe ni lake, sawa. Lakini Refa haoni. Next year ataona nini?"

"Mais, lakini, ndugu yangu," Mchungaji akasema, "Refa aliuliza. Na Papa alijibu." Akanigeukia mimi, maana kwao Papa ni baba au mzee, na macho yake yaleyale ya kupokea toba. "Papa, wewe ulisikia nini kwenye mkono?"

Huo ulikuwa mlango wa pili. Ulikuwa wazi kabisa.

"Shati lenyewe lilikuwa pana," nikasema. "Huenda liligusa bila mimi kujua. Na macho ya Refa, jamani, tuseme kweli, umri umekwenda."

Tuseme kweli. Ndiyo maneno niliyoyachagua.

Barua ya kumpumzisha niliiandika mimi, kama katibu, kwa mwandiko mzuri, "kwa kuzingatia afya ya macho yako". Nilimpelekea mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa binti yake, akaisoma yote kwa umbali wa mkono, bila miwani, na herufi zangu ni ndogo. Ndogo sana. Mkaguzi wa mizigo aliyekagua maboksi kwa miaka thelathini alilitazama jambo hilo na hakuliona.

"Umeandika vizuri," akasema. Akaingia ndani, akarudi na glavu zimekunjwa kama leso. "Mpe atakayekuja."

Angeweza kusema, "Macho yangu ni mazima, muulizeni yeye." Maneno sita tu, na kamati yote ingenigeukia. Hakuyasema, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Neno la mchezaji, kwake, halikuwa mali ya kutangaza.

Hakuna aliyekuja. Tulijaribu kituo cha Houston bila refa, kila mtu ajisimamie, na katika fremu ya tatu watu wawili wenye shahada za uzamili walitaka kupigana kwa ajili ya mpira wa kahawia. Binti yake Refa akapata kazi hospitali ya Houston, wakahamia Katy, kitongoji cha huko. Kisha ikaja korona, ukumbi wa Mpakistani ukafungwa, na mashindano ya viwango ya watu kumi na mmoja yakafa bila hata tangazo. Kombe lilibaki juu ya friji yangu. Niligundua kwamba nikienda kuchukua maziwa natazama dari.

Nilikwenda Katy mwaka 2020, joto likiwa kali, nikiwa nimevaa barakoa, glavu zake ziko kwenye mfuko wa karatasi. Binti alikuwa amemweka kwenye gereji, mlango wake mkubwa umeinuliwa, viti viwili vimetengana kama watu waliogombana.

"Karibu Mzee," binti akaniambia. "Keti hapo. Usisogee, tafadhali, natoka wodini mimi."

Refa alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa glavu za buluu za hospitali, na amevishwa barakoa, na simu yake iliyopasuka ilikuwa mapajani. Alikuwa anatazama mashindano ya Uingereza, ambayo kwa sababu ya ugonjwa yalichezwa bila watazamaji.

"Umeona?" akasema badala ya salamu. "Ilibidi dunia nzima iugue ndipo wakanyamaza."

Binti akaingia ndani. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Ilikuwa na utangulizi kuhusu mwanangu, na sehemu ndefu kuhusu daraja langu la kidato cha nne. Ilipofika wakati wake sikuikumbuka.

"Niligusa," nikasema.

"Najua. Niliona."

Kwa mbali kulikuwa na jirani anaosha gari. Nilisikiliza maji yake kwanza.

"Uliona? Mbona basi uliniuliza?"

Alizima simu. "Hiyo ndiyo faulo yangu mimi. Refa akiona haulizi, anaita faulo. Fundi nilimwitia. Mchungaji nilimwitia. Wewe nilikuuliza, kwa sababu ulikuwa unaniendesha Houston, na mtoto wako alikuwa amesimama pale, nikataka akuone ukijitaja. Nikatazama dari, bwana. Baada ya miaka yote ile." Akakohoa, na safari hii kilikuwa cha ugonjwa. "Mlinifukuza kwa sababu ya uongo. Lakini kunifukuza mlikuwa sawa."

"Barua niliiandika mimi."

"Mwandiko naujua. Nimekwambia ulikuwa mzuri."

Nikasukuma mfuko wa karatasi kwa mguu hadi karibu na kiti chake. Alipoona kilichomo alivua zile za buluu, akavaa nyeupe, kidole kimoja kimoja, na mimi nikangoja nimesimama, kama zamani. Kisha akavuta daftari chini ya mto wa kiti na kulifungua. Kurasa zote zilikuwa za wino. Ukurasa wa mwisho tu, wa mwaka 2019, ulikuwa wa penseli, kuanzia jina langu, la kwanza, hadi la Fundi.

"Kirasmi," akasema. "Tafadhali."

Basi mimi, mzee wa miaka sitini na saba, nikasimama wima katika gereji ya watu kule Katy, barakoa usoni, nikainua mkono juu. Jirani alizima maji yake.

"Pinki," nikasema.

"Faulo. Sita." Akanyoosha mkono bila kuniangalia. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, katibu hakosi kalamu. Niliiweka sakafuni, nikarudi nyuma, akaiokota.

"Kanuni unaijua," akasema.

"Naijua. Mwisho."

Aliandika majina yote kumi na moja kwa wino, polepole, akiyatamka, na langu alilitamka kwa sauti ileile aliyotamkia mengine. Niliuliza nifanye nini na kombe. Akasema nibaki nalo, huko Katy nyumba zina vyumba vingi lakini vyote vimejaa. Hatukuonana tena.

Njiani kurudi nilipiga simu Plano kwanza. Mhandisi hakupokea, nikaacha ujumbe mrefu, naye akajibu kwa picha ya kidole gumba. Mwanangu nilimpigia wa pili, na hayo aliyoniambia ni yake. Kisha nikaegesha gari kando ya barabara kuu ya kwenda Dallas, malori yakinipita yakivuma, nikampigia Fundi.

"Umepanda," nikamwambia. "Refa ameandika leo. Wewe ni wa kumi."

"Acha utani, Mzee."

"Kwa wino."

Nilimsikia akikaa mahali.

"Nani ameshuka?"

"Mimi."

Sauti yake haikuwa na mshangao hata kidogo.

"Ile pinki?"

"Ile pinki," nikasema.